Granti imeisha, nyingine haijaja: jinsi ya kuomba hela za kuvukia

Naandika hii kwa watafiti wa vyuo vyetu, hasa nyie ambao granti yenu inaisha mwaka huu au mwakani na bado hamjui ijayo itatoka wapi, na pia kwa ndugu zetu walioko vyuo vya Marekani maana huko mambo yana utaratibu wake na ntagusa kidogo. Hela za kuvukia ni zile hela ndogo za kushikilia timu na maabara kati ya ufadhili uliokwisha na ufadhili unaoutarajia. Sio hela za kuanzisha mradi mpya wala za kumalizia mradi ulioshindwa, ni za kuzuia vitu ulivyojenga kwa miaka visipotee kwa sababu ya pengo la miezi michache.

Pengo lenyewe sio dogo kama watu wanavyodhani. Chukua mfano wa R01, granti kuu ya mradi wa utafiti ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), ambayo ndio watu wengi wa afya wanaikimbilia. Andiko jipya linaingia Februari 5, wahakiki wanakaa Juni au Julai, baraza la taasisi husika linapitisha Agosti mpaka Oktoba, na pesa mara nyingi zinaanza Desemba. Hiyo ni ukipata mara ya kwanza, na wengi hawapati mara ya kwanza. Ukikosa, maoni ya wahakiki unayapata katikati ya mwaka, unarekebisha, unarudisha Novemba 5, wanakaa Februari au Machi, baraza ni Mei, hela zinaanza Julai. Yani toka Februari ya kwanza mpaka Julai ya mwaka unaofuata ni miezi 17, na hapo tumesema umepata kwenye raundi ya pili. Sasa kama granti yako ya sasa imebakiza miezi sita na bado hujaandika kitu, tayari una pengo la karibu mwaka mzima hata kama kila kitu kitakwenda vizuri. Kwa hiyo kazi ya hela za kuvukia inaanza miezi 18 kabla granti haijaisha, kwa kuandika andiko jipya mapema, sio wiki ile mhasibu anakupigia simu kwamba akaunti ya mradi inafungwa.

Na siku hizi kuna pengo la aina nyingine, la ghafla. Januari 20, 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na siku chache baadae barua za kusimamisha kazi zikaanza kufika kwenye miradi ya USAID, watu wakaambiwa acha kazi leo. Alafu Mei 1, 2025 NIH ikatangaza kwamba haitatoa granti zenye mgao kwa taasisi za nje kwa mtindo ule wa zamani mpaka iweke mfumo mpya. Miradi mingi ya Tanzania, Kenya na Uganda ilikuwa inaishi kwa migao hiyo hiyo, chuo cha Marekani kinashika granti kisha kinatuma sehemu huku. Hapo hata aliyepanga miezi 18 kabla alikwama. Ndio maana nasema haya mambo yasiwe ya kuhangaikia mtu mmoja mmoja, chuo kiwe na utaratibu, ila ntarudi hapo mwishoni.

Anza na hela ulizonazo

Kabla hujamwomba mtu yeyote senti, kaa na mhasibu wa mradi na mfungue vitabu. Nataka ujue vitu vitatu: kimebaki kiasi gani halisi baada ya kutoa masurufu (hela watu walizochukua kwa kazi) ambayo hayajarejeshwa na oda ambazo zimeshatoka, kasma (vifungu vya bajeti) zipi zina hela na zipi zimekauka, na mkataba unaruhusu kuhamisha kiasi gani kati ya kasma bila kibali cha mfadhili. Watu wengi wana hela wasizozijua. Kuna mradi safari za mkutano hazikufanyika, kuna masurufu ya mwaka juzi hayajafungwa na hela zake zimekaa tu, kuna shilingi imeshuka dhidi ya dola na bajeti ya mishahara ya shilingi imeacha mabaki. Kusanya yote.

Alafu omba kuongezewa muda bila hela mpya. Hii ndio hela ya kuvukia ya bei rahisi kuliko zote na wafadhili wakubwa karibu wote wanayo. Unamwandikia mfadhili kwamba kazi fulani na fulani haijakamilika, sababu ni hizi, unaomba miezi kumi na mbili kuimalizia kwa salio lililopo. Angalia sana unavyoandika. NIH wenyewe wamesema wazi kwenye sera yao kwamba kubaki na hela peke yake sio sababu ya kutosha kuongezewa muda. Kwa hiyo usiandike "tuna salio la dola elfu 40 tunaomba muda wa kuzitumia", andika kazi: ufuatiliaji wa washiriki wa mwisho haujaisha kwa sababu kibali kilichelewa, uchambuzi wa sampuli 300 umebaki, makala mbili ziko njiani. Salio linakuja kama jibu la swali la utalipaje, na sio kama sababu. Na usisubiri wiki ya mwisho, omba miezi mitatu kabla. Kama granti iko chini ya chuo kingine kilichoishika, wao ndio wanaomba na wewe mgao wako unafuata, kwa hiyo barua yako iende kwao mapema zaidi.

Kitu kimoja cha kujihadhari nacho: usikimbilie kujaza stoo mwezi wa mwisho. Kununua vitendanishi vya mwaka mzima wiki mbili kabla granti haijafungwa kunaonekana kwenye ukaguzi, na wakaguzi wanaweza kuvikataa kwamba havikuwa vya kazi ya granti hiyo, hela ikadaiwa chuo kirudishe. Nunua unachohitaji kwa kazi iliyobaki, basi.

Pia kwa walio na granti ya NIH inayokuja: ukishapata taarifa za uhakika kwamba unapewa, sheria zao zinaruhusu kutumia hela za gharama halali mpaka siku 90 kabla ya tarehe ya kuanza na kuzirudishia ukishapokea, ila hatari ni ya chuo, isipokuja hela chuo kinabeba. Maana yake unahitaji chuo kikubali kwa maandishi. Miezi mitatu ya mshahara wa fundi sanifu ni kitu kikubwa, na watu wengi hawajui kama hiki kipengele kipo, nenda ofisi ya granti ya chuo chenu uwaulize.

Nani na nini kishikiliwe

Hapa ndio moyo wa jambo lenyewe, na ndipo maombi mengi yanaharibika. Mtu anaandika bajeti ya mradi mzima aliyoipunguza kidogo: mishahara ya watu saba, gari, safari, laptopu. Hakuna Rasi wa ndaki (mkuu wa kundi la idara za chuo) atakayekupa hiyo. Jiulize hivi: kitu gani kikipotea miezi sita hii hakirudi, au kinarudi kwa gharama kubwa kuliko kukishikilia? Hicho ndio unaomba hela zake. Vingine vyote viache visimame.

Mtu wa kwanza kwa maoni yangu ni fundi sanifu wa maabara. Yeye ndio anajua friza namba mbili ina mlango unaotakiwa kusukumwa mpaka usikie, anajua ile mashine ya PCR inakubali vitendanishi vya kampuni gani, anajua sampuli za kijiji fulani ziko boksi gani. Ukimwachia aondoke hospitali binafsi itamchukua ndani ya mwezi, na utamfundisha mwingine mwaka mzima. Mtu wa pili ni yule anayeshika data. Hifadhidata ambayo hamna anayeijua ni kama haipo. Watu hawa wawili mara nyingi ni wa mkataba, hawana kiti kwenye ikama ya chuo, na hawana wa kuwasemea zaidi ya wewe.

Wadadisi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni kesi nyingine. Kuwashikilia wote kwa mshahara kamili hutaweza, na usiwaahidi. Lakini chagua mmoja au wawili wanaoijua jamii, uwape kazi chache za kulipwa kwa siku, mfano kufuatilia washiriki kwa simu, ili ukirudi kijijini usirudi kama mgeni. Na wanafunzi wa PhD, hawa wana saa ya chuo inayohesabu, ada na posho zao zisipolipwa wanaweza kuacha kabisa, kwa hiyo wape nafasi ya juu kwenye orodha.

Vitu sasa. Friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, na tanki la naitrojeni kama mnalo. Gharama yake sio friza, ni umeme, dizeli ya jenereta umeme ukikatika, na fundi wa kuisevisi. Sampuli zilizokusanywa miaka mitano zinaweza kuharibika wikiendi moja. Alafu vibali. Tanzania kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinatolewa kwa mwaka na lazima kihuishwe, Kenya leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, nayo ni hivyo hivyo ya mwaka. Ukiacha kibali kife wakati wa pengo, siku hela zinaingia unaanza foleni upya, na mfadhili anakutazama hujaanza kazi. Ada ya kuhuisha kibali ni ndogo, iweke kwenye ombi, usiisahau kabisa.

Kuna kitu kingine ambacho lazima kitangulie vyote kama unafanya majaribio ya dawa au chanjo: usalama wa washiriki. Ule msimu wa barua za kusimamisha kazi mwaka 2025, huko Afrika Kusini kuna wanawake walikuwa bado wana pete za majaribio zilizowekwa ukeni wakati mradi wao umeambiwa usimame. Mtu aliyekubali kuingia kwenye utafiti wako ulimwahidi kwa sahihi kwamba utamwangalia. Gharama za kumfuatilia mpaka atoke salama haziingii kwenye mjadala wa kipaumbele, ziko juu ya orodha, na kama chuo hakina hela waambie kamati ya maadili siku hiyo hiyo.

Bajeti yenyewe

Nionyeshe mfano, namba ni za kubuni lakini ndio namna ya kuzipanga. Tuseme unaomba miezi sita. Fundi sanifu mshahara ghafi 1,400,000 kwa mwezi. Hapa wengi wanaandika 1,400,000 mara sita wanamaliza, kumbe mwajiri ana mchango wake: mchango wa NSSF ni asilimia 20 na nusu yake ni ya mwajiri, hiyo ni 140,000, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi WCF nusu asilimia, 7,000. Jumla 1,547,000 kwa mwezi, mara sita ni 9,282,000. Kama chuo chenu kinalipa na SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, iongeze. Mtu wa data umempunguza awe nusu muda, 900,000 ghafi, ukiweka michango inakuwa 994,500, mara sita ni 5,967,000. Dizeli, umeme na sevisi ya friza 350,000 kwa mwezi, 2,100,000. Kuhuisha vibali 600,000. Na jaribio moja dogo la kujibu hoja ya wahakiki, vitendanishi 3,000,000. Jumla ni 20,949,000.

Milioni 21 kasoro. Weka pembeni yake namba nyingine: thamani ya andiko lililoko mezani, mathalan dola laki tano kwa miaka mitano, na ovahedi (asilimia ya granti anayoachiwa chuo kugharamia uendeshaji) ambayo chuo kitapata humo. Kwa NIH ovahedi ya taasisi za nje ya Marekani ni asilimia 8. Kwenye gharama za moja kwa moja za dola laki tano ni dola 40,000 hivi. Hiyo namba muonyeshe Rasi, maana yeye anaulizwa na bodi hela imerudije.

Usiweke mshahara wako mwenyewe kama umeajiriwa na chuo. Usiweke safari za mkutano. Usiweke "dharura asilimia 10". Ombi dogo lenye majina ya kazi linapita, ombi nono linarudishwa na maelezo "wasilisha upya".

Lile jaribio dogo la milioni tatu usilidharau, kwa kweli ndio linalotofautisha hela za kuvukia na hela za kusubiria. Ukipata maoni ya wahakiki yanasema data za awali hazitoshi kwenye lengo la pili, basi miezi hii sita kazi yake ni kutengeneza hiyo data ya lengo la pili. Mtoa hela anataka kuona kwamba mwisho wa miezi sita andiko litakuwa na nguvu kuliko lilivyokuwa.

Hela zinatoka wapi

Vyuo vyetu vingi havina dirisha lililoandikwa hela za kuvukia, kwa hiyo utaunga unga. Naanza na iliyo karibu zaidi. Idara na ndaki zinapata sehemu ya ovahedi za miradi, pamoja na miradi yako wewe, na sehemu nyingine chuo kinaziacha kwa mtafiti mkuu au kitengo chake. Uliza sera ya ovahedi ya chuo chenu inasemaje, iombe kwa maandishi, na uulize mradi wako wa miaka mitano iliyopita umeingiza kiasi gani. Ukienda kwa Mkuu wa Idara na namba ya ovahedi uliyoleta unaongea naye vizuri kabisa, kwa heshima, bila kudai.

Ya pili ni wenzako wenye granti hai. Fundi sanifu wako anaweza kuhamia asilimia 50 kwenye mradi wa Dokta wa chumba cha pili kwa miezi sita. Sharti ni moja: hiyo asilimia 50 afanye kweli kazi ya mradi ule, na karatasi za muda (timesheet) zionyeshe hivyo. Kumlipa kwenye granti ya mtu mwingine huku anafanya kazi yako ni kosa la matumizi, na litamuumiza mwenzako aliyekusaidia. Mkiandikiana barua fupi ya makubaliano, anayelipa nani, siku zipi, kwa kazi gani, mnalala salama.

Ya tatu ni hela za ndani za ushindani. Makerere wana mfuko wa utafiti na ubunifu, Mak-RIF, ulianza 2019 kwa pesa za serikali ya Uganda. Kenya kuna National Research Fund iliyotokana na sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya 2013. Tanzania kuna MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, chini ya tume ya COSTECH, na baadhi ya vyuo vina granti ndogo za ndani. Hizi sio za kuvukia rasmi, zina mada na kalenda zao, na zinachelewa, kwa hiyo usizitegemee kulipa mshahara wa mwezi ujao. Lakini ukiwa umeomba mwaka mmoja kabla, zinaangukia pale pale kwenye pengo. Andika kipande kidogo cha kazi yako kinachosimama chenyewe, usichukue andiko la R01 ukalikata mkia.

Ya nne ni kuuza huduma. Maabara yenye mashine nzuri inaweza kupima sampuli za wengine kwa ada, timu ya data inaweza kuchambua takwimu za shirika, kazi ya ushauri ikapitia kitengo cha ushauri cha chuo. Ipitie chuo tafadhali, usiipitishe mfukoni, ili hela irudi kwenye akaunti ya maabara na ukaguzi usikukute. Ila kuwa makini, kazi ya ushauri inakula ule muda wa kurekebisha andiko, nimeona timu nzuri zikiingia kwenye ushauri miezi sita na zikatoka miaka mitatu baadae hazina hata makala moja. Weka ukomo kabla hujaanza.

Kwa walioko Marekani

Huko vyuo vingi vina mpango rasmi, kwenye ofisi ya makamu wa rais wa chuo anayesimamia utafiti au ya mkuu (dean) wa kitivo. Masharti yanafanana kwa kiasi kikubwa: uwe umeshatuma andiko la kuendeleza granti na likakosa, uwe na karatasi ya maoni ya wahakiki na alama, uwe na tarehe ya kurudisha, idara yako ichangie sehemu, mshahara wa mtafiti mkuu mara nyingi haulipwi, na granti ikija katikati salio unalirudisha. Kwa hiyo usijaribu kuomba kabla alama hazijatoka, na zikishatoka omba wiki hiyo hiyo. Mpigie afisa wa programu wako NIH muulize andiko limesimamaje na wahakiki walikuwa na uzito gani kwenye kila hoja, hiyo simu ni bure na inaandikika kwenye ombi. Kuna pia granti ya R56, haiombwi, taasisi ya NIH yenyewe inachagua maandiko yaliyokosa kidogo na kuyapa mwaka mmoja au miwili ya kuyaimarisha, ndio maana kuongea na afisa wa programu kuna faida. Na andiko lililokosa unaruhusiwa kulirudisha ndani ya miezi 37.

Dokezo

Kwa ofisi zetu ombi linakwenda kama dokezo, ukurasa mmoja, mbili ukizidisha, na viambatisho. Kwa Rasi wa Ndaki, kupitia Mkuu wa Idara. Nenda kwa Mkuu wa Idara kwanza ana kwa ana, asikutane na dokezo kwenye faili kama mtu baki. Mwili wake uwe hivi:

"Mradi wetu wa utafiti wa malaria unafikia tamati tarehe 30 Juni. Andiko jipya la kazi hii liliwasilishwa Februari, likapata alama nzuri lakini zisizofikia kiwango cha kufadhiliwa. Maoni ya wahakiki yameambatishwa (Kiambatisho A). Tutaliwasilisha upya Novemba 5. Hoja kuu ya wahakiki ilikuwa upungufu wa data kwenye lengo la pili, na tumepanga jaribio la kuijibu litakalokamilika mwishoni mwa Septemba. Naomba shilingi 20,949,000 kwa miezi sita, Julai hadi Desemba, kwa mchanganuo ulio Kiambatisho B. Idara imekubali kugharamia umeme, dizeli na sevisi ya friza, hivyo kiasi kinachoombwa Ndaki ni shilingi 18,849,000. Ufadhili mpya ukipatikana kabla ya Desemba, salio litarejeshwa. Nitawasilisha taarifa Oktoba na Januari."

Angalia kilichomo: tarehe ya kuisha, ushahidi kwamba andiko liko karibu, hoja ya wahakiki na jibu lake, kiasi, mtu mwingine aliyechangia, ahadi ya kurudisha, na taarifa. Hamna maneno ya huruma. Huruma iongee ana kwa ana kama lazima. Ule mchango wa idara hata ukiwa mdogo unabadilisha kabisa namna ombi linavyosomwa, unaonyesha watu wanaokujua wameweka chao.

Likikaa mezani wiki mbili kimya, fuatilia kwa katibu muhtasi wa Rasi kwa upole, uliza faili liko kwa nani. Mara nyingi liko kwa mhasibu linasubiri kuthibitishiwa kasma, na ukienda kwa mhasibu na mchanganuo wako mkononi linatoka siku hiyo.

Waambie watu wako

Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu naona linavyofanyika vibaya. Watafiti wakuu wengi wanawaficha wafanyakazi mpaka mwezi wa mwisho, wakiogopa wataondoka. Fundi mwenye watoto wawili shule na kodi ya nyumba ya miezi sita anajua mkataba unaisha, kimya chako ndio kinamfanya atafute kazi kwingine. Miezi sita kabla kaeni chini, sema hela ziko mpaka tarehe fulani, tumeomba hapa na hapa, jibu tunategemea mwezi fulani, na nani ana nafasi gani ya kubaki. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, lakini hiyo ni chini kabisa, binadamu anahitaji zaidi ya hapo. Na usimwombe mtu afanye kazi bure "tukipata hela tutakulipa". Hiyo ahadi huna uwezo wa kuitimiza, na mtu akiumia maabara bila mkataba anaweza kukosa fidia. Kama hamna hela basi mwandikie barua nzuri ya utambulisho, muunganishe na mwenye mradi, mwambie nafasi yake ikirudi utampigia wa kwanza.

Isipopatikana kabisa

Inatokea, jaribu zote na pengo libaki. Basi funga kwa utaratibu wakati bado una mtu wa kukusaidia kufunga. Mwezi wa mwisho wa fundi sanifu kazi yake iwe orodha: kila boksi, kila rafu, namba ya sampuli, tarehe, kibali kilichoikusanya, na nakala ibaki kwa Mkuu wa Idara pia. Hamisha sampuli kwenye friza ya mradi wenye hela, mkubaliane kwa maandishi kwamba ni zako bado. Kama zinakwenda nje ya nchi lazima mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali, usijaribu njia ya mkato hata kwa mshirika unayemwamini. Data weka nakala mbili sehemu mbili tofauti pamoja na kitabu cha maelezo ya kila safu. Wajulishe kamati ya maadili, na rudi kwa viongozi wa kijiji uwaambie utafiti umesimama na kwanini, wasije wakasikia kwa wadadisi mitaani. Taarifa za mwisho za mfadhili nazo zina tarehe, NIH wanataka ndani ya siku 120 baada ya granti kuisha, na ukichelewesha hizo unaziba njia ya granti ijayo ya chuo kizima.

Zikipatikana, mwandikie Rasi taarifa kwa tarehe ulizoahidi hata kama hajauliza, rudisha salio, na granti kubwa ikiingia itaje ile milioni 18 kwenye taarifa ya kwanza kwamba ndio iliyoshikilia timu. Hizo taarifa mbili tatu za wewe na wenzako ndio ushahidi wa kupeleka kwenye kamati ya utafiti ya chuo kuomba mfuko wa kudumu: asilimia fulani ya ovahedi za miradi yote iwekwe pembeni kila mwaka, fomu iwe ya kurasa mbili, majibu ndani ya siku 30, kiwango cha juu kijulikane, na mikataba ya mafundi sanifu ipewe kipaumbele cha kwanza. Ukiwa kwenye hiyo kamati, au unamjua aliyeko, peleka hoja kwenye kikao kijacho.